Duka la Sijafungua

Kila alfajiri Mapenzi alikuwa wa kwanza kuamka katika njia yao. Alifungua mlango wa duka, akafagia uwanja, akanyunyiza maji ili vumbi litulie. Alipanga nazi, vitunguu, mbatata, ndimu na mafungu ya mboga juu ya meza iliyokuwa ndani, nyuma ya wavu mzito wa chuma. Kisha alikaa juu ya kigoda chake, akaikazia macho njia.

Duka hilo lilikuwa Muyeye, Malindi, kando ya njia ya mchanga iendayo kwenye bomba la maji. Mamake Mapenzi ndiye aliyelijenga, baada ya kuuza mboga sokoni miaka mingi. Alipofariki alimwachia binti yake chumba hicho, mizani, na kanuni moja. Mteja wa kwanza, alisema mama, ndiye anayeibeba siku yako.

Wachuuzi wengi wa pwani wanaijua imani hiyo. Anayenunua kwanza ndiye anayekufungulia. Akiwa na mkono mwepesi, siku nzima biashara huwa nyepesi. Akiwa na mkono mzito, utashinda ukipunga nzi. Wengine huisema kwa mzaha, lakini Mapenzi aliishika kama amana. Kabla hajauza kitu cha kwanza, hakumvunjia mtu noti. Hakumtajia mtu bei kama hakuona nia ya kununua. Hakuuza vitu vidogo. Kiberiti kimfungulie siku? Afadhali akae bure. Yeyote aliyekuja na haja kama hizo alijibiwa neno moja tu.

"Sijafungua."

Maana yake kwa mchuuzi ni kwamba hajauza kitu bado. Mamake alilisema hivyo, na mama wa mamake pia.

Asubuhi moja alikuja kijana aliyevaa sare ya hoteli. Alikuwa na haraka. Aliuliza mayai ni bei gani. Mapenzi alimtazama mikononi, akaona hana hata mfuko. Huyu ni wa kuuliza tu.

"Sijafungua," alimwambia.

Kijana aliutazama mlango uliokuwa wazi, akamtazama Mapenzi, akautazama mlango tena. Kisha alivuka njia na kuingia duka la pili, lile lililopakwa rangi ya samawati. Alitoka na mayai.

Mapenzi akasonya.

Kule bombani walisimama wanawake wanne watano na ndoo zao. Ndoo zilikuwa zimejaa zamani, lakini hawakuondoka. Walilitazama duka la Mapenzi, wakanong'onezana. Mmoja alimsukuma mwenzake kwa kiwiko. Mwenzake akakataa kwa kichwa. Wakacheka, kisha wakaenda zao kwenye duka la samawati, mmoja nyuma ya mwingine. Ilikuwa hivyo karibu kila siku, na kila siku Mapenzi aliwahesabia dhambi. Hawa wamelipwa, aliwaza. Hawa wamewekwa pale wanitie nuksi.

Hakuwa na shaka ni nani aliyewaweka. Duka la samawati lilikuwa la Nyokabi, mwanamke wa bara aliyehamia Muyeye na mumewe fundi wa mabomba. Alikuja kama mpangaji. Kabla watu hawajalizoea jina lake, alikuwa na duka, na duka lilikuwa na watu. Mtu apate wateja haraka hivyo kwa njia ya halali? Mapenzi hakuamini hata kidogo. Tena ushahidi aliuona kwa macho yake. Juu ya mlango wa Nyokabi ilining'inia chupa ya plastiki iliyojaa maji, na ndani ya maji kulikuwa na kitu kinachometameta. Jua likipiga, chupa ile ilimulika mpaka kwenye duka la Mapenzi. Alipouona mwanga ule ukutani kwake, aliupiga kwa ufagio.

Yeye mwenyewe alikuwa amejaribu kinga. Alichoma ubani na kumwaga maji ya chumvi kizingitini. Alihamisha kigoda kutoka kulia kwenda kushoto. Mboga ziliendelea kunyauka.

Mumewe, Kombe, alikuwa askari wa jengo moja huko Mtwapa. Alikuja nyumbani mara moja moja, na kila alipokuja alikuta nazi zilezile. Safari hii alipiga simu. Alisema amepata chumba kizuri cha kupanga, na kuna mtu anayetaka kulikodi duka lao aweke kinyozi.

"Duka limekufa, Mapenzi," alisema. "Maiti haikai ndani. Mwisho wa mwezi nakuja na gari tubebe vitu."

Mapenzi alilitazama dari la duka lake, akalipenda kupita kiasi. Hapa alikuwa mtu. Hapa mizani ilikuwa yake, ufunguo wake, neno lake. Kule Mtwapa atakuwa mke wa askari katika chumba kimoja, akingojea mtu arudi kutoka kazini. Alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya leso, akaendelea kuikazia macho njia.

Siku chache baadaye alifika mgeni. Alikuwa Kahaso, dada mdogo wa Kombe. Kahaso alikaa Kaloleni na alifanya kazi na chama cha kina mama wenye vibanda na maduka. Alikuwa akiwafundisha namna ya kuuza na kupanga bidhaa. Alisema ana mkutano hapa Malindi na ataomba malazi kwa wifi yake.

"Karibu, wifi," alisema Mapenzi kwa mdomo. Moyoni alisema mengine. Mkutano gani huo, unaoangukia mwezi huuhuu? Kombe amemtuma dadake aje kulikagua duka, apeleke habari kwamba kweli limekufa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kahaso alikuwa mtu wa maneno machache. Aliwekewa kiti nyuma ya nyumba, penye kivuli, lakini alikichukua akaja kukiweka dukani. Alikaa kimya akitazama wanaopita. Hakuandika kitu. Hilo lilimtia Mapenzi wasiwasi zaidi, kwa sababu mtu asiyeandika huwa anakariri. Aliuliza maswali madogo madogo. Wavu huu uliwekwa lini? Mboga huja siku gani? Yule bibi anayepita kule kando, mbona hageuzi uso?

Mapenzi alijibu kwa mkato. Wavu uliwekwa kwa sababu ya wezi. Mboga huja zikija. Na yule ni Hawe Pola, hawe, yaani bibi, wa watu wote hapa mtaani, naye hageuzi uso kwa sababu zake. Hakusema kwamba yeye ndiye sababu. Siku moja Hawe Pola alikuja wa kwanza asubuhi kununua chumvi, akauziwa kwa heshima ya umri wake, na siku hiyo biashara ikalala kabisa. Jioni Mapenzi alimwambia mbele ya watu kwamba ana mkono mzito. Tangu siku hiyo bibi yule hakukanyaga tena dukani.

Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, Mapenzi alikwenda nyuma kutafuta ukuni. Alimsikia Kahaso akizungumza kwa simu nyuma ya ukuta wa jiko. Alisimama. Alijua si adabu, lakini masikio yalikuwa yake.

"Ndiyo, kaka, nimeliona," Kahaso alikuwa akisema. "Nimekaa nalo siku mbili. Sasa sikiliza. Lisifike mwisho wa mwezi. Nakuomba, kaka, lisifike."

Kwa hiyo hata mwisho wa mwezi ni mbali. Wanataka duka life kabla. Mapenzi alirudi ndani, akauchukua mfuko wa Kahaso, akaupeleka mlangoni.

Kahaso alipotoka jikoni aliukuta mfuko wake kizingitini na wifi yake amesimama pembeni, mikono kiunoni.

"Unanifukuza, wifi?"

"Nenda kamwambie kakako umeikamilisha kazi yake. Nimekusikia. Duka lisifike mwisho wa mwezi."

Kahaso aliyarudia maneno yale kwa sauti ndogo. Kisha akakaa palepale kizingitini, juu ya mfuko wake, akaanza kutikisika kwa kicheko.

"Gari, wifi. Gari ndilo lisifike. Nimemwomba asilete gari mwisho wa mwezi, akupe muda. Amekataa. Lakini nimemwomba."

Mapenzi alimtazama usoni kutafuta uongo. Hakuuona, ila hakuacha kuutafuta. Alisema tu kwamba watu wanapaswa kutaja jina la kitu.

"Ni kweli," alisema Kahaso. "Neno moja likikosa mwenyewe hubeba maana mbili. Hebu nikuulize. Asubuhi alikuja mama mwenye mtoto, akakuomba umvunjie noti. Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia sijafungua."

"Naye akafahamu nini?"

"Akafahamu sijafungua. Kuna kufahamu kwingine?"

Kahaso alisema hajui. Yeye ni Mgiriama kama Mapenzi, na mamake pia alikuwa mchuuzi. Neno hilo lilimwingia sikioni kama maji. Lakini yule mama alikuwa wa bara, na aliutazama mlango wazi kama mtu aliyeambiwa usiku ni mchana. Sasa njia ya kujua ni moja tu. Mtu akitaka kujua kwa nini wateja hawaji, hawaulizi wanaokuja. Huwauliza wasiokuja. Na wasiokuja wote wako kwa Nyokabi.

Mapenzi alisema hatakanyaga pale. Alieleza habari ya chupa, na wanawake wa bombani, na mwanga wa ukutani. Kahaso alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, na kwa hilo Mapenzi alimheshimu kidogo.

"Wewe unamtafuta mchawi, wifi," alisema Kahaso. "Mimi namtafuta mteja. Twende pamoja. Tukimkuta mchawi, mimi ndiye nitakayeanguka kwanza."

Walivuka njia. Mapenzi alifunga ndimu katika pindo la leso yake, maana tahadhari haimdhuru mtu. Alipofika mlangoni kwa Nyokabi aliinama, akapita upande, ili ile chupa isiwe juu ya kichwa chake.

Nyokabi alikuwa akipima sukari. Alipomwona Mapenzi, mkono ulisimama hewani. Mapenzi aliuona mkono huo na akasema moyoni, hatia hiyo. Baadaye sana ndipo alipojua kwamba Nyokabi naye alikuwa akimwogopa. Alikuwa ameambiwa watu wa pwani wanajua mambo, na kila asubuhi aliyaona yale maji ya chumvi yakimwagwa kizingitini.

Kahaso alisalimia, akajitambulisha. Kisha aliuliza waziwazi kuhusu ile chupa.

"Hiyo?" Nyokabi alitazama juu. "Ni ya nzi. Mama yangu alikuwa anaweka hivyo. Unaweka maji na kipande cha karatasi ya kung'aa, ati nzi wanaogopa. Mimi sijui kama wanaogopa. Na nyinyi, ile chumvi ni ya nini?"

"Ni ya siafu," alisema Mapenzi haraka.

Kahaso alikohoa kuficha kicheko. Ndipo akauliza lile walilojia. Alimwomba Nyokabi, kama jirani, aseme ukweli. Watu wa hapa wanasemaje kuhusu duka la wifi yake? Na yeye mwenyewe, alipohamia, mbona hakununua pale?

Nyokabi aliweka kijiko cha sukari chini. Alimtazama Mapenzi kwa muda, kama mtu anayepima kama jambo litaleta ugomvi.

"Nilikuja kununua kwako, mama," alisema. "Siku ya kwanza tu tumehamia. Nilikuwa sijui nitachukua nini, nikauliza bei ya vitunguu. Ukaniambia hujafungua. Nikasema sawa. Kesho yake nikaja tena mapema, nataka kiberiti nipike chai. Ukasema hujafungua. Nikarudi tena siku nyingine, ikawa ni hivyo tu. Nikauliza wenzangu kwenye ploti, pale tunapopanga vyumba, hili duka linafungua saa ngapi? Wakasema hakuna anayejua. Wakasema hapo panaitwa Duka la Sijafungua."

"Watu wa ploti wanatoka kazini na kwenda kazini asubuhi," Nyokabi aliendelea. "Wote walikuwa wanatembea mpaka barabarani kutafuta maziwa na mayai. Nikamwambia mzee wangu, hapa hakuna duka la asubuhi. Wacha tuweke. Ndiyo nikaweka hili."

Mapenzi alitafuta mahali pa kukaa. Kulikuwa na kreti ya soda, akaikalia. Alikuwa amemtafuta mchawi miezi yote hiyo, kwenye chupa, bombani, hata katika mfuko wa wifi yake. Kumbe duka hili la samawati alikuwa amelijenga yeye, kwa mdomo wake. Aliona aibu, na baada ya aibu aliona hasira, na hasira haikupata pa kwenda.

"Na wale wa bombani?" aliuliza. "Wale si watu wa bara. Wale wanajua sijafungua ni nini."

Nyokabi alisema wale wawaulize wenyewe. Mmoja alikuwa palepale dukani, ameshika sabuni. Alikuwa Kadzo, mpika mahamri. Kadzo alitaka kutoka, lakini Kahaso alikuwa amesimama mlangoni.

"Haya, nitasema," alisema Kadzo. "Sisi tunakuogopa, Mapenzi. Asubuhi tunasimama pale bombani tukiambiana, nenda wewe kwanza. Hakuna anayetaka kwenda. Mtu akienda na haja ya ndimu moja, anaangaliwa kama amekuja na jeneza. Na siku yako ikiharibika, jioni unatuambia ni mkono wa fulani. Ulimwambia Hawe Pola, mtu mzima yule. Basi tunangojeana mpaka tunachoka, tunakuja hapa."

Walirudi nyumbani. Jioni, walipokuwa wakikuna nazi, Mapenzi alisema anajua sasa wifi yake ataanza kumfundisha, na afanye haraka.

Kahaso alimwambia hana mengi. Imani ya mamake Mapenzi hawezi kuivunja, na hakuja kuivunja. Lakini biashara asubuhi, jioni mahesabu, na Mapenzi asubuhi yake alikuwa akiifukuza kwa mdomo. Mtu wa kwanza kuja ni mgeni. Mgeni anayeomba chenji leo atanunua unga kesho, akipokewa vizuri. Anayeuliza bei bila kununua anapima kama wewe ni mtu wa kuulizwa.

"Huo mkono mwepesi unaoutafuta kwa watu, wifi, uwe nao wewe kwanza," alisema. "Kesho usimwambie mtu sijafungua. Mwambie karibu."

Pia alisema habari ya wavu. Duka lilikuwa na giza. Mtu aliyesimama nje haoni kitu ila wavu na macho ya mwenye duka. Mezani ndani mna mboga nzuri, nani ajue? Mapenzi alijitetea kwamba kizuri chajiuza. Kahaso alimjibu kwamba kizuri chajiuza kikionekana.

Kesho yake, kabla ya jua, waliitoa meza nje. Mapenzi aliipanga upya. Mboga alizinyunyizia maji na kuziweka mbele, nazi upande mmoja, ndimu na pilipili katika vikapu vidogo. Mizani aliiweka mahali ambapo mnunuzi anaiona. Bei aliziandika kwa chaki juu ya ubao, ili asiyependa kuuliza asiulize. Alikaa karibu na meza, roho juu. Kila aliyepita, Mapenzi alimwona kama mwizi wa vitunguu.

Wa kwanza kufika alikuwa yuleyule mama mwenye mtoto. Alikuja kwa wasiwasi. Alitaka tu kuvunjiwa noti, ampe mwanawe nauli.

Ulimi wa Mapenzi ulimwasha. Alihisi mamake anamtazama kutoka mahali fulani.

"Karibu," alisema. Neno lilitoka limekwaruza. Alimvunjia noti, akamsalimia na mtoto.

Siku hiyo biashara haikuwa nzuri. Mpaka adhuhuri aliuza kidogo sana, na alianza kumtazama Kahaso kwa jicho la pembeni. Haya ndiyo matunda ya kufunguliwa na noti ya watu. Alasiri alikuwa karibu kuirudisha meza ndani. Ndipo yule mama aliporudi, naye ameandamana na jirani yake, Nyaboke, mtu wa Kisii. Nyaboke aliinamia meza, akashika fungu la mboga za majani, akashangaa.

"Kumbe unauzanga managu?" aliuliza. "Nilikuuliza zamani, ukasema huna."

"Managu ndiyo nini?" aliuliza Mapenzi. "Huu ni mnavu."

Walitazamana. Fungu lilikuwa lilelile. Nyaboke alikuwa ameomba mboga hiyo kwa jina la kwao, na Mapenzi alikuwa amemkatalia huku mnavu ukinyauka nyuma ya wavu. Nyaboke alichukua mafungu yote. Alisema kwenye ploti kuna wengi wanaoitafuta. Mapenzi alimwuliza ni mboga gani nyingine wanazitaka, na Nyaboke alimtajia. Hilo ndilo lililokuwa swali lake la kwanza kwa mnunuzi tangu alipourithi ule ufunguo.

Kulikuwa bado na jambo moja zito. Siku iliyofuata Mapenzi alichagua nazi mbili. Alizitikisa sikioni kusikia maji, akaenda nazo nyumbani kwa Hawe Pola. Alipiga goti mlangoni.

"Shikamoo, hawe."

"Marahaba," alisema bibi. Hakumkaribisha. "Umekuja kuupima mkono wangu kama umepungua uzito?"

Mapenzi alisema amekuja kuomba radhi. Alisema mzito ulikuwa mdomo wake. Hawe Pola alimwacha apige magoti kwa muda, maana mtu mzima ana haki ya kukasirika. Kisha alizichukua nazi, akazitikisa mwenyewe, akasema moja ni nzuri na nyingine itangoja wageni. Kesho yake asubuhi alionekana akipita bombani na fimbo yake. Alifika kwenye meza ya Mapenzi, mbele ya wote, akanunua kiberiti.

Baada ya hapo hapakuwa na haja ya kuambiana nenda wewe kwanza.

Na Nyokabi? Kahaso alisema maduka mawili njia moja si lazima yapigane. Nyokabi hakujua kuchagua nazi na aliuziwa mbovu kila mara, kwa hiyo aliacha kuziweka. Aliyetaka nazi na mboga alielekezwa kwa Mapenzi. Aliyetaka sukari, sabuni au maziwa alielekezwa kwa Nyokabi. Mapenzi alikubali, lakini msidhani aligeuka malaika. Wiki nzima alimtuma Kadzo aende kununua mboga kwa Nyokabi, kuona kama kweli ataelekezwa. Kadzo aliporudi mara zote na jibu lilelile, ndipo alipoacha. Ile chupa haipendi mpaka leo.

Kahaso alirudi Kaloleni. Mwisho wa mwezi ukafika, na Kombe alikuwa mtu wa neno lake. Alikuja asubuhi na pikapu ya rafiki yake, kamba na magunia matupu nyuma. Alikusudia kuwahi kabla jua halijawa kali.

Hakupata mahali pa kusimamisha gari. Mbele ya duka kulikuwa na watu wa sare za hoteli, kina mama wa bombani, na wapangaji wa ploti. Mkewe alikuwa katikati yao, akipima, akisalimia, akijibu bei. Kombe alisimama pembeni na kamba yake mkononi. Alingoja nafasi ya kusema na mkewe, na nafasi haikupatikana. Mwishowe alisema kwa sauti kubwa kwamba gari limekuja na dereva ana haraka.

Mapenzi alimsikia. Alikuwa ameandaa maneno mengi ya kumwambia, lakini mkononi alikuwa na mnavu wa Nyaboke na mbele yake watu wanangoja.

"Gari la nini?" aliuliza Hawe Pola. Alikuwa ameketi juu ya kile kigoda, fimbo magotini.

Kombe alimwamkia, akamweleza kwa adabu. Duka linafungwa. Anamchukua mkewe waende wakaishi Mtwapa.

Hawe Pola alimtazama Kombe kutoka viatuni mpaka kichwani.

"Mwanangu," alisema, "mke ni wako, sikukatazi. Ukimtaka, rudi jioni akiwa amefunga. Asubuhi hii ni mwenye duka wetu, na mimi niko kwenye foleni."

Kombe alimtazama mkewe. Mapenzi hakuinamisha macho.

"Nimefungua, mume wangu," alisema. "Ukitaka kununua, simama nyuma ya Kadzo."

Kombe aliitazama ile kamba mkononi. Kisha aliitupa ndani ya pikapu, akamwambia dereva arudi zake, akaenda kusimama nyuma ya Kadzo.